Zamu ya Lachie

Torrasay,
8 Novemba 1983

Mpenzi Ishbel,

Nakuandikia kwa sababu simu haitusaidii. Nikikupigia kutoka kibanda cha posta, Hector wa dukani anasimama nje akijifanya anafunga kamba za viatu mpaka nimalize. Na wewe ukisikia jina la baba yako unaanza kukohoa, unasema una kipindi. Barua huwezi kuikoholea.

Baba yako mzima wa mwili. Anakula, anawalisha ng'ombe wake, Jumapili anakuja kanisani na kukaa palepale. Ila kuna jambo, na ni bora ulisikie kwangu.

Tumelirudisha Kombe la Wawili la gofu. Msimu uliopita tuliliacha katikati kaka yako Lachie alipofariki, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuendelea. Vibao vyote vya majina nilivitia kwenye droo pale klabuni. Mwezi uliopita nikavitoa, nikavifuta vumbi, nikavitundika ubaoni. Kibao cha baba yako na Lachie nilikiacha ndani, nimekifunga kwa kitambaa. Ningefanya nini, mwanangu?

Jumamosi moja akaingia baba yako, hajavua hata kofia. Akautazama ubao.

"Dolina, ziko jozi saba."

"Ndiyo, kaka."

"Tulikuwa nane."

Nikaanza kusema, "Tormod, sikiliza," naye tayari ameshafungua droo. Akakitoa kile kibao kwenye kitambaa, akakitundika mwenyewe: TORMOD NA LACHIE. Akaniambia, "Hiki hakijashushwa na mtu." Akatoka.

Unaijua desturi yetu. Kibao chako anakishusha aliyekushinda na kukupa mkononi, na hakuna mwingine anayekigusa. Sasa mimi katibu nikishushe kwa mamlaka gani? Nikakiacha. Labda hapo ndipo nilipokosea.

Akapangwa kucheza dhidi ya Hector na mdogo wake, Angie. Wakamkuta pale pa kuanzia, peke yake na mfuko wake. Hector na mdomo wake: "Tormod, mwenzio yuko wapi?" Halafu akajisikia alichosema, akaiva uso kama kaa wa kuchemshwa. Baba yako akamjibu taratibu, "Mimi napiga la kwanza. Yeye zamu yake ni ya pili."

Akapiga, mpira ukaenda chini ya upepo, safi kabisa. Wakaufuata. Kwenye mchezo wetu wawili wana mpira mmoja, mmoja akipiga anayefuata ni mwenzake, basi hapo ilikuwa zamu ya Lachie. Baba yako akasogea pembeni, mikono nyuma, kama alivyokuwa akisimama siku zote. Akangoja muda unaomtosha mtu kupiga. Kisha akauokota mpira, akatembea nao mbele na kuuweka chini mahali ambapo Lachie angeupeleka. Halafu akapiga zamu yake.

Ndivyo alivyokwenda, shimo baada ya shimo. Mara moja aliuweka kwenye mtego wa mchanga, chini kabisa ya ukingo. Angie akamwambia, "Ah, Tormod, uweke hapa nje bwana, nani atakuuliza?" Akajibu, "Na upepo huu wa kushoto? Huu angeupinda tu." Akaingia mchangani na kuhangaika nao.

Na kila zamu ya Lachie ilipofika mpira uko karibu na shimo, wale ndugu wawili waliwahi kusema, "Okota, Tormod, tumekupa, hesabu umeingia, okota." Wakafika la kumi na tano, Hector akavua kofia, akampa mkono, akasema wameshindwa. Hawakuwa wameshindwa, Ishbel. Walikuwa mbele.

Nusu ya kijiji wanasema akili imemtoka. Nusu wanasema mwacheni. Mimi sijui niko nusu ipi. Njoo nyumbani.

Shangazi yako,
Dolina


Edinburgh,
17 Novemba 1983

Shangazi mpendwa,

Barua yako imekaa kwenye koti langu siku nzima. Nimeisoma maktaba, nimeisoma kwenye ngazi, na nimeisoma jikoni huku uji ukiungua mbele yangu.

Wewe umeogopa kwa sababu unaona haelewi kwamba Lachie amekufa. Mimi nimeogopa kwa sababu nyingine. Nilipofika pale alipouweka mpira mchangani, nilisema kwa sauti, peke yangu, "Kweli." Upepo wa kushoto, Lachie angeupinda. Asiyeelewa angempa pigo zuri, Shangazi. Baba anafahamu vizuri sana anachokifanya, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Nimekuwa nikijidanganya kwamba sirudi nyumbani kwa sababu ya tasnifu. Ukweli ni kwamba siwezi kukaa meza moja na kimya chake. Siku ya mazishi nilimshika mkono makaburini, naye akaniambia upepo utageuka kuwa wa kaskazini. Hilo tu. Nimelibeba neno hilo mwaka mzima.

Wewe ulituona. Tangu nikiwa na miaka tisa mimi ndiye niliyewashikia bendera ya shimo, Baba na Lachie wakicheza. Nilijua kuinua bendera bila kivuli changu kuangukia njia ya mpira. Niliwasikia wakitaniana. Lachie alikuwa akipiga mbali kuliko mtu yeyote kisiwani, kisha mpira ukiwa urefu wa mkono kutoka shimoni anatetemeka mabega, anaupitisha shimo. Na Baba kila mara, bila kumtazama: "Bibi yako angeutia huo, na yuko kaburini." Lachie anacheka mpaka anakaa chini. Mimi nacheka na bendera yangu. Lakini hawakuwahi kunipa fimbo, hata siku moja, wakaniambia zamu hii piga wewe. Niliitaka zamu ile kama mtoto anavyotaka kulala katikati ya wazazi wake.

Nimemwandikia Baba leo. Nimemwomba nicheze badala ya Lachie. Usimwambie kwamba nilikwambia.

Mpwa wako,
Ishbel


Edinburgh,
17 Novemba 1983

Baba,

Nimesikia mmeshinda raundi ya kwanza.

Nina ombi. Mechi inayofuata, acha mimi nipige zamu za Lachie. Si lazima uzungumze nami njiani. Nitakuja kwa feri ya Ijumaa na kurudi Jumatatu. Bado nina fimbo zake, zile nyepesi, uliniachia nilipoondoka. Nimekuwa nikifanya mazoezi kwenye bustani hapa, kuna mlinzi ananifukuza.

Nijibu, hata neno moja.

Ishbel


Torrasay,
2 Desemba 1983

Ishbel,

Barua imefika. Mvua imenyesha juma zima, bonde la shimo la nne limekuwa ziwa, bata wanalifurahia. Ng'ombe wa Angie alivunja uzio wa waya wa umeme na kusimama katikati ya majani mafupi ya shimo la sita. Kwato zake zitaonekana mpaka Aprili. Angie anasema ng'ombe yule si wake. Kila mtu anamjua.

Kuhusu ombi lako: nafasi haiko wazi.

Vaa kofia. Edinburgh kuna baridi mbaya kuliko ya kwetu.

Baba


Edinburgh,
11 Desemba 1983

Shangazi mpendwa,

Usiningoje Mwaka Mpya. Nitabaki huku.

Nakunukulia jibu la baba yangu lote, ili usidhani nakuficha: ng'ombe, bata, kofia. Na katikati maneno matatu: "Nafasi haiko wazi." Mtu aliyelala chini ya mchanga ana nafasi kwake. Mimi ninayepumua sina.

Nimejaribu kuwa na akili timamu juu ya hili. Nimejiambia ni huzuni, ni uzee, ni desturi za wanaume wa kisiwa chetu wanaodhani maneno yanauzwa ghali. Halafu najikuta nimesimama dirishani nikimchukia Lachie. Unaelewa? Kaka yangu, aliyekufa kwa homa ya uti wa mgongo ndani ya siku tatu, katika hospitali ambayo hakuna aliyejua hata jina lake la utani. Ninamwonea wivu kwa sababu bado ana zamu.

Nisalimie mwenzako wa mchezo, Kenina. Msimpe Baba mkate wangu wa matunda, nimewatumia nyinyi wawili.

Ishbel


Torrasay,
30 Januari 1984

Mpenzi Ishbel,

Mkate ulifika. Nilimpa kipande. Nitajitetea mbele ya Mungu.

Nimekaa kimya kwa sababu sikujua nikuandikie nini. Sasa hali imenibana pande zote.

Baba yako ameingia fainali. Mechi ya pili alicheza na Mchungaji na mkewe, siku ya mawingu mazito, nusu ya kijiji nyuma yao. Ikawa vilevile. Akapiga, akangoja, akaokota, akaweka. Na kila mpira wa karibu uliomwangukia Lachie, mke wa Mchungaji aliwahi: "Okota, Tormod, mpenzi, okota." Pale shimo la kumi na mbili hakuokota. Akasimama na fimbo mkononi, akaniangalia mimi, katikati ya watu wote, kama mtu anayeomba maji. Sikujua anataka nini. Nikatabasamu. Akainama na kuuokota. Mchungaji hakungoja hata la kumi na tano, akampa mkono palepale, akasema Bwana anatoa, na tumekupa mechi. Watu wakapiga makofi. Baba yako akaenda nyumbani bila kuingia klabuni kunywa chai.

Nani yuko upande wa pili wa fainali? Mimi na Kenina. Usicheke. Tuliwafunga hata wale vijana wa shuleni, Kenina anapiga kama anavyowachoma wagonjwa wake sindano, hana huruma kabisa.

Lakini mimi siwezi, Ishbel. Ninajua ningesema "okota" kwenye shimo la kwanza na kumpa mkono kwenye la pili. Nimemtunza kaka yule tangu mama yetu alipofariki. Nilikuwa nimeshapanga: tumpe Kombe, alibebe nyumbani, labda atatulia.

Sasa barua ya hospitali imekuja. Wamenipa tarehe ya nyonga yangu, Inverness, mwisho wa Februari, baada ya kuningojesha mpaka nimesahau kama niliomba. Fainali ni Jumamosi, tarehe 3 Machi. Nitakuwa kitandani. Kamati imekubali Kenina apewe mtu mwingine. Kamati ni mimi, Mchungaji na Hector. Nimewaambia mtu huyo ni wewe.

Dolina


Edinburgh,
4 Februari 1984

Shangazi,

Hapana.

Niliomba kusimama upande wake akanikataa. Sasa nisimame mbele yake, nimwambie "okota" kama wengine, nimshike mkono, watu wapige makofi? Au nimfunge baba yangu na marehemu kaka yangu mbele ya kijiji kizima, kisha niwe hadithi ya dukani kwa Hector mpaka nizeeke?

Nakutakia nyonga njema. Ni kweli una tarehe, au unakimbia? Samahani. Ni kweli, najua. Lakini mtafute mtu mwingine.

Ishbel


Torrasay,
12 Februari 1984

Ishbel,

Dolina ameniambia umekataa. Ameniambia na mengine, siku hizi ana mdomo mrefu kuliko Hector.

Naandika pole pole, kwa hiyo soma pole pole.

Nimecheza mechi mbili. Sijashindwa hata moja na sijashinda hata moja. Nilipokitundika kile kibao sikutaka Kombe. Tulikuwa hatujafungwa, mimi na Lachie, mchezo ukasimama, na kibao kikaenda drooni bila kushushwa na mtu. Singeweza kukiacha mle kama kitu kilichosahauliwa. Singeweza kujitoa pia. Nikijitoa, mimi ndiye niliyemtoa. Nikaona nitacheza mechi moja, tutafungwa, atakayetufunga atanipa kibao mkononi kama mtu yeyote, basi. Nilimchagua Hector moyoni kwa sababu hana adabu. Hata Hector akawa na adabu.

Lililo baya zaidi ni ile mipira ya karibu. Kila ikifika zamu ya Lachie wananiambia okota. Wewe ulishika bendera. Sema kama kuna mtu aliyewahi kumpa Lachie mpira wa karibu akiwa hai. Hakuna, kwa sababu kila mtu alijua atakosa. Sasa hakosi. Mashimo ishirini na saba tumecheza na hajakosa hata mmoja. Wananipa kijana mwingine, hodari kuliko yule, na kila Jumamosi yule wangu anasogea mbali kidogo. Nimeanza kusahau alivyokuwa akitetemeka mabega.

Ulipoomba nafasi nilikujibu vibaya. Sikuwa na maana kwamba hustahili. Ningekupa, watu wangesema vizuri, binti amechukua mahali pa kaka, na Lachie angeondolewa bila kufungwa. Nafasi haiko wazi bado. Ndivyo nilivyopaswa kuandika.

Shangazi yako angenionea huruma. Wewe hukuwahi kunionea huruma uwanjani. Ulikuwa na miaka kumi uliponiambia mbele ya Mchungaji wa zamani kwamba mpira wangu umegusa mguu wangu, na ulikuwa umegusa.

Njoo unifunge, mwanangu. Kama unaweza. Kenina yuko vizuri lakini akiwa na upepo usoni anaharakisha.

Baba


Torrasay,
Jumatatu, 5 Machi 1984

Shangazi mpendwa,

Kenina anasema nyonga imekubali kukaa nawe, na kwamba umeshaanza kuwaamrisha wauguzi. Nimefurahi. Sasa tulia nikueleze, kwa sababu Hector naye anakuandikia, na yake itakuwa na chumvi.

Nilifika Ijumaa. Baba alikuwa gatini. Akachukua begi langu, akasema, "Umekonda." Nikasema, "Na wewe umezeeka." Akasema, "Basi hakuna mwenye deni." Ndiyo salamu yetu baada ya mwaka. Nyumbani kulikuwa na samaki wa heringi na viazi, na sahani mbili tu mezani. Nilikuwa nimeogopa nitakuta tatu.

Jumamosi upepo ulitoka baharini, ule wa kusukuma mlango. Watu wote walikuja, hata wasiotofautisha fimbo na mpini wa jembe. Hector akaniuliza kwa sauti ili wote wasikie, "Ishbel, umetoka Edinburgh kuja kumpiga baba yako?" Baba akamjibu kabla yangu, "Amekuja kujaribu. Wewe hata kujaribu hukujaribu." Watu wakacheka, kisha wakaona haya kwamba wamecheka.

Baba akapiga la kwanza. Tukaufuata mpira. Akasogea pembeni, mikono nyuma, akangoja. Nilikuwa nimesoma juu ya jambo hili, Shangazi, lakini kulisoma si kulishuhudia. Katika ule muda mfupi wa kungoja niliusikia upepo ukipita mahali alipopaswa kuwepo mtu. Kenina akanishika kiwiko, akanong'ona, "Ishbel, tuwape hili." Nikamwambia, "Ukisema neno okota leo, fimbo hii itavunjikia kwako." Akanitazama kama mgonjwa aliyekataa dawa. Lakini hakulisema.

Nilikuwa najua mapema kila mahali atakapouweka mpira. Hapo ndipo nilipoumia zaidi. Nilijisemea, majani marefu kulia kwa waya, na Baba akauweka majani marefu kulia kwa waya. Ilikuwa kana kwamba sisi wawili tumeshika kamba moja na katikati ya kamba yuko Lachie. Kwenye shimo la saba aliupeleka mbali mno. Nikasema, mbele ya watu wote, "Baba. Na upepo huu hafiki pale."

Mtu fulani nyuma akasema, "Jamani!" Mke wa Mchungaji akafunika mdomo. Baba akasimama, akaangalia alikotoka, akaangalia bahari. "Kweli," akasema. Akauokota, akarudi nao nyuma hatua kadhaa, akauweka. Tangu pale alitembea tofauti. Siwezi kukueleza vizuri zaidi. Alitembea kama mtu aliyepata mwenzake wa kubeba kitanda.

Mipira ya karibu haikumwangukia Lachie. Kwa bahati mbaya au nzuri, kila mpira uliposimama karibu na shimo ilikuwa zamu ya Baba mwenyewe, naye hakosi. Tukaenda bega kwa bega, mimi na Kenina tukiwa mbele kwa shimo moja, mpaka la mwisho.

La mwisho unalijua, linapanda kuelekea klabuni, na bahari yote mgongoni. Sisi tulimaliza kwa mapigo matano. Wao walikuwa wamepiga matatu. Mpira wao ulikuwa umesimama urefu wa mkono wangu kutoka shimoni. Wakiutia, tungekuwa sawa, tulazimike kurudi shimo la kwanza. Wakikosa, basi, tumewafunga.

Pigo la tatu alikuwa amepiga Baba. Ilikuwa zamu ya Lachie.

Watu wote waliniangalia. Hakuna mchezaji kisiwani ambaye asingesema "okota" kwa mpira ule, Shangazi, hata kwa adui. Nilikuwa nimeishika bendera, sijui nani alinipa, mikono yangu ilikuwa imeichukua yenyewe. Nilisimama upande ambao kivuli hakiangukii njia ya mpira. Angie akasema kwa sauti ndogo, "Mwambie, dada. Mwambie basi." Sikumwambia.

Baba akasogea pembeni, mikono nyuma. Akangoja. Safari hii alingoja muda mrefu kuliko zamu zote, na nilijua kwa nini, kwa sababu Lachie alikuwa na tabia hiyo: kuutazama mpira wa karibu mpaka unamzidi. Nilimwona Baba akiyatazama mabega. Naapa, Shangazi, alikuwa anayatazama mabega.

Kisha akaenda, akauokota mpira, akapita na mkono juu ya shimo, na kuuweka upande wa pili, upana wa kiganja kupita.

Baba akaunyoosha mgongo wake, na bila kumtazama mtu, akasema kuelekea mahali palepale patupu:

"Bibi yako angeutia huo, na yuko kaburini."

Nilicheka. Nisamehe, nilicheka kama nilivyokuwa nikicheka, na bendera mkononi, mpaka nikakaa chini kwenye majani, na nikiwa chini pale sikuwa nacheka tena. Baba akaja akakaa kando yangu. Suruali yake nzuri, majani yamelowa. Hata siku ya mazishi sikumwona akilia, na sasa alilia vibaya, kama mtu asiye na mazoezi. Watu wakageuka kutazama bahari. Hata Hector. Mwandike Hector kwenye kitabu cha wema kwa hilo.

Tukaingia klabuni. Nikakishusha kibao. Kilikuwa chepesi, sijui kwa nini nilidhani kitakuwa kizito. Nikampa mkononi. Akasema, "Mmecheza vizuri," kama inavyotakiwa, akanipa mkono mimi na Kenina, akakitia kibao ndani ya koti. Pale ubaoni imebaki ndoano. Jumapili nzima kibao kilikaa rafuni karibu na kopo la chai. Tulipotoka kanisani akakigeuza majina yakatazama chumba.

Leo asubuhi aliniambia nivae kofia. Tukaenda uwanjani wawili, hapakuwa na mtu, shakwe tu. Baba akatoa mpira mmoja, akapiga. Ulikwenda kushoto, ukalala vibaya kwenye majani ya mchanga. Tukaufuata. Nikajiandaa kumwona akiokota.

Hakuokota. Akasogea pembeni, mikono nyuma, akangoja.

Nikauliza, "Niupige mimi?"

"Sasa nani mwingine?" akasema.

Shangazi, niliitaka zamu ile tangu nikiwa na miaka tisa. Nikatoa fimbo ya Lachie, ile nyepesi, nikasimama juu ya mpira, na nikachukia jinsi nafasi ile ilivyokuwa wazi. Nilitamani mtu atokee nyuma ya kilima aseme, toka hapo, ni yangu. Nilingoja kidogo. Baba naye aliningoja, hakuniharakisha.

Kisha nikapiga. Nikaupinda, ukaingia mchangani, chini kabisa ya ukingo.

Unajua kwamba kwenye mchezo wa wawili mtu hamwombi radhi mwenzake. Sikumwomba. Baba akachukua fimbo yake na kushuka mchangani.

Wako,
Ishbel